Tiba ya Uraibu Haitimii kwa Dozi Peke Yake

Barabara itokayo mjini Tanga kwenda Raskazone hufuatana na bahari, na kabla msafiri hajaifikia rasi yenyewe, penye fukwe za kuogea na majumba ya kale yaliyo chini ya vivuli vya miti mikubwa, hupita mbele ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ambayo majengo yake ya awali yalisimamishwa na Wajerumani juu ya ukingo wa ghuba. Katika barabara hiyo, kila siku inayopambazuka, zikiwemo Ijumaa na Jumapili, Idi na Krismasi, hupita watu ambao hawaendi kupunga upepo wala kumzuru mgonjwa. Wanakwenda kunywa dozi. Aghalabu ni wanaume walio katika umri wa kufanya kazi, wachache miongoni mwao ni wanawake, na wote walikwisha kutawaliwa na heroini, ile ambayo vijana huiita unga, hata wakakubali kwa hiari yao kujiandikisha katika tiba ya methadoni.

Shughuli ya dirishani haina makeke. Mgonjwa hujitambulisha, muuguzi humpimia dawa ya maji kwa kiasi alichoandikiwa na daktari, naye huinywa papo hapo mbele ya macho ya aliyempa, akashushia kwa maji ya kunywa, kisha akatamka neno moja au mawili ili iyakinike kuwa dawa imeshuka tumboni wala haikubaki kinywani. Dakika chache zatosha. Baada ya hapo hugeuka akarudi mjini, na saa zote zilizobaki za siku ile huzikabili yeye na nafsi yake, katika mtaa ule ule, kati ya marafiki wale wale, na kumbukumbu zile zile zilizompeleka kwenye unga. Makala haya yanahusu saa hizo zilizobaki, na msaada wa kisaikolojia, ambao wengi wetu tumezoea kuuita nasaha, unaompasa mwenye uraibu aupate ndani ya saa hizo.

Kazi ya dozi na mpaka wake

Insafu yataka tuanze kwa kuipa methadoni haki yake. Ni dawa ya hakika, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2005 katika orodha ya dawa muhimu za ulimwengu, na nchi yetu iliitangulia Kenya katika kuitumia: Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, Kenya ikafuata Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi, na Zanzibar ikaanza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Tangu hapo huduma imesambaa katika mikoa kadhaa, Tanga ikiwa mmojawapo, chini ya Wizara ya Afya na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kufuatia sheria ya mwaka 2015.

Haja ya dawa hiyo huielewa vema aliyepata kumwona mtu katika arosto. Saa chache baada ya unga kumwishia mwilini, mtu huanza kupiga miayo mfululizo, macho na pua humtiririka, viungo humuuma, ngozi humsisimka, tumbo humwendesha, usingizi humhama, na mateso hayo huzidi hata siku ya pili na ya tatu kabla ya kuanza kupungua. Mtu aliye katika hali hiyo hatafuti raha tena. Anatafuta kuondokewa na maumivu, na kwa ajili ya kete moja aweza kuuza sufuria ya mamaye ingali motoni. Methadoni hukomesha arosto kwa muda wa siku nzima bila kumlevya aliyepimiwa sawasawa, nayo humwokoa na sindano za kuchangia. Hilo si jambo dogo, kwa maana makadirio ya mwaka 2014 yaliwataja watu wapatao 30,000 wanaojidunga dawa za kulevya nchini Tanzania, na zaidi ya theluthi moja yao wakiishi na virusi vya UKIMWI.

Lakini dozi hutuliza mwili, na uraibu una makao mengine zaidi ya mwili. Mtu aliyeanza kuvuta unga akiwa na miaka 16 ili asahau kipigo cha baba, au aliyeanza baada ya kufiwa, au aliyeufuata tu mkumbo wa vijana wa maskani, hupata baada ya arosto kuisha nafsi ileile aliyokuwa akiikimbia, nayo sasa imeongezewa mzigo wa miaka iliyopotea, ndugu waliohasimika na jina lililochafuka. Hakujifunza kuhimili huzuni, wala hasira, wala upweke, kwa kuwa kila mara hali hizo zilipomjia alikuwa na njia moja tu ya kuzinyamazisha.

Jambo hili lilipata kupimwa. Mwaka 1993 A. Thomas McLellan na wenzake walichapisha habari za wanaume 92, askari wa zamani waliokuwa wakijidunga heroini, waliotibiwa mjini Philadelphia nchini Marekani kwa muda wa miezi 6. Wote walipewa methadoni. Ila kundi la kwanza lilipewa dozi bila nasaha za mara kwa mara, la pili likapewa dozi na nasaha, na la tatu likaongezewa daktari wa akili, msaada wa kupata kazi na mazungumzo na jamaa zao. Zaidi ya theluthi mbili ya wale wa kundi la kwanza ilibidi waondolewe katika mpango ule wapelekwe penye huduma zaidi, kwa sababu hawakuacha kutumia au walifikwa na hatari mara kwa mara. Waliopata nasaha walifanya vizuri zaidi, na wale wa kundi la tatu wakawapita wote.

Hata hivyo pasitokee mtu akageuza hoja hii kuwa kufuli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 wasema kwamba nasaha zitolewe kwa kila mgonjwa wa uraibu wa aina hii, wala asinyimwe dawa kwa kuwa hazitaki au kwa kuwa mshauri hajapatikana. Dozi isingoje nasaha. Nasaha nazo zisisahauliwe kwa kuwa dozi ipo.

Nasaha ni nini hasa

Wengi wakisikia neno nasaha hufikiri habari ya mzee akimwonya kijana kwa ukali, na kijana ameinamisha kichwa akingoja mzee amalize. Maonyo ya namna hiyo mwenye uraibu ameyasikia maisha yake yote, kwa mama, kwa imamu, kwa padri, kwa mjumbe wa nyumba kumi na kwa askari wa doria, na kama yangalimponya angalikwisha kupona zamani. Nasaha za kitabibu ni kazi nyingine. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Kimarekani William Miller alieleza namna ya kuzungumza na walevi ambayo kwayo mshauri huuliza kuliko kusema, husikiliza kuliko kuuliza, na humwacha mgonjwa azitaje mwenyewe sababu zake za kutaka kuacha, kwa kuwa mtu hufuata kwa wepesi zaidi hoja iliyotoka kinywani mwake kuliko ile aliyotwishwa.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa mwalo wa Deep Sea mjini Tanga, mwenye miaka 30 na mke na watoto wawili, ambaye yu katika methadoni kwa miezi minne, ila mara mbili kwa mwezi huteleza akavuta. Mshauri hamwulizi kwa nini hana haya. Humpa karatasi, nao wawili wakaiandika siku ile aliyoteleza tangu alfajiri hata usiku: saa ngapi mashua ilifika, samaki waliuzwa kiasi gani, pesa zilikaa mfuko gani, nani alimwita, walipita njia ipi. Katika mara zote mbili huonekana jambo moja: ni siku ambazo chombo kilipata, fedha ilikuwa mkononi mwake kabla ya saa tatu asubuhi, na yeye hakuwa amelala usiku kucha. Basi hatari yake ina saa yake na njia yake, na kinachojulikana saa na njia huweza kuwekewa hadhari. Hupatana kwamba mkewe apokee sehemu ya mapato palepale mwaloni, kwamba yeye aende moja kwa moja Bombo kunywa dozi kabla ya kulala, na kwamba kuna mwenzake mmoja, aliyekwisha kuacha, atakayempigia simu tamaa ikimpanda.

Kisha humfundisha kuihimili tamaa yenyewe. Mwenye uraibu huamini kuwa hamu ikishika haiachi mpaka ikatiwe, ilhali uzoefu wa matabibu waonesha kwamba hupanda, hufika kikomo na kushuka, aghalabu ndani ya nusu saa, hata asipoitii, mfano wa maji ya pwani yanavyojaa na kupwa. Kijana aliyewahi kukaa nayo mara moja ikapita, kwa kutembea, kwa kutia udhu na kusali, au kwa kuzungumza na mtu, hupata ushahidi ambao hakuna hotuba iwezayo kumpa. Mazungumzo kama hayo huchukua kiasi cha dakika 45, hurudiwa wiki hata wiki, na hayahitaji mashine wala maabara. Yanahitaji mtu aliyefunzwa, chumba chenye mlango unaofungwa, na siri isiyovuja.

Kwa baadhi ya vileo, nasaha ndiyo tiba yenyewe. Hakuna methadoni ya bangi, wala ya mirungi inayopenyezwa mipakani hata ikatafunwa vijiweni mwetu. Aliyezama humo tegemeo lake kubwa ni mshauri. Mnywaji wa gongo naye ana hatari yake, kwani aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikatiza ghafla aweza kushikwa na kifafa na hata kufa, hivyo siku zake za kwanza ni za daktari. Ila baada ya siku hizo miezi yake yote inayofuata ni ya nasaha.

Yanayowazuia wasizifikie nasaha

Kizuizi cha kwanza ni methali tunayoipenda, kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Kwa methali hiyo mlango hufungwa kabla haujabishwa: kijana huitwa teja, jina lake la kuzaliwa likafa, na jamaa humficha chumba cha uani au humkana mbele ya watu. Walakini hakuna aliyevuta kete ya kwanza kwa nia ya kulala mtaroni, na hata mgonjwa wa kisukari aliyekula alichokatazwa hatumwachi afe kwa kuwa alijitakia. Wahenga hao hao walitwambia pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hii ya pili ndiyo inayotufaa.

Kizuizi cha pili ni uhaba wa watu wenye elimu hiyo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wanaowahudumia ni makumi kadhaa tu, wengi wao wakiwa katika miji mikubwa. Mkoa wa Tanga una watu zaidi ya milioni 2.6, waliotapakaa toka Horohoro mpakani hata Handeni na Kilindi. Anayekaa Muheza yu mbali na Bombo kiasi cha kilomita 35, na wa Pangani kiasi cha kilomita 50. Mtu asiye na kazi ambaye nauli ya kwenda kunywa dozi yenyewe humshinda, hawezi kuombwa afunge safari nyingine kwa ajili ya mazungumzo.

Kizuizi cha tatu huwaangukia wanawake kwa uzito wa peke yake. Mwanamke anayetumia hubeba fedheha maradufu, aghalabu humtegemea mwanamume anayemletea unga, huchelea kunyang'anywa watoto, na akifika katika kituo hukuta benchi limejaa wanaume, baadhi yao wakiwa wanamjua kwa mambo ambayo asingependa yakumbukwe. Huyu hatakuja mpaka atengewe siku yake, mshauri mwanamke, na mahali pa kumweka mwanawe wakati anazungumza.

Elimu iliyokwisha kupatikana karibu nasi

Ingalikuwa nasaha haziwezi kutolewa ila na daktari bingwa, tungalikata tamaa. Lakini ushahidi wa miaka hii, mwingine ukiwa umepatikana kwa lugha yetu wenyewe, wasema vingine. Huko Eldoret, nchini Kenya, Rebecca Papas na wenzake waliandaa mafunzo ya vikao sita vya makundi kwa wanywaji wa pombe wanaoishi na virusi vya UKIMWI, yakaendeshwa kwa Kiswahili na watu wasio wanasaikolojia, waliofunzwa na kusimamiwa. Jaribio lao kubwa, lililochapishwa mwaka 2021, lilikuwa na washiriki 614, na waliopata vikao hivyo walipunguza unywaji kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya afya ya kawaida. Moshi nako, katika hospitali ya KCMC, wauguzi hukaa na majeruhi waliokuwa wakinywa kwa madhara, wakazungumza nao kwa muda mfupi kwa utaratibu uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, kwa hoja kwamba mtu aliyetoka kuvunjika mguu baada ya ulevi yu tayari kusikiliza kuliko siku nyingine yoyote.

Ng'ambo ya bahari yetu, katika jimbo la Goa nchini India, wanaume 377 wenye ulevi wa kudhuru walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017; waliozungumza na washauri wa kawaida, wasio matabibu, 36 katika kila 100 walitoka katika ulevi ule baada ya miezi mitatu, dhidi ya 26 katika kila 100 wa kundi jingine. Tofauti hiyo si muujiza, bali ni watu hai waliorudi kwao. Na jijini Harare, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafunza akina bibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza waliolemewa na mawazo, mpango ambao umevuka mipaka ya Zimbabwe hata ukafika Zanzibar.

Mkoa wa Tanga wenyewe si mgeni katika kazi hii. Lutindi, milimani Usambara katika wilaya ya Korogwe, palijengwa mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani, na toka mwaka 1904 pakaanza kupokelewa wagonjwa wa akili; hospitali ile ingaliko, na kazi za mikono ni sehemu ya tiba yake. Katika zama zetu zimeongezeka nyumba za soba, ambazo Zanzibar ilianza kuwa nazo mwaka 2009, na ambamo waliokwisha kuacha huwalea wanaoacha. Mjini Tanga liko shirika la Gift of Hope Foundation katika kazi hiyo ya kuwasaidia watumiaji. Watu hawa wana elimu isiyofundishwa chuoni. Mraibu humficha daktari mambo ambayo hawezi kumficha aliyelala naye maskani moja, na vivyo hivyo huamini kuwa yawezekana kuacha pale anapomwona aliyemjua zamani akiwa msafi, ana kazi, na wanawe wanamwita baba.

Lakini soba nazo zataka uangalizi. Nyumba inayomfungia mtu, kumpiga au kumnyima dawa zake haimtibu. Tena aliyekaa miezi bila kutumia, ama soba ama gerezani, mwili wake umepoteza uwezo wa kuhimili kiasi alichozoea. Akitoka na kurudia kipimo cha zamani aweza kufa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo zinazohitaji mshauri kwa karibu zaidi, na ndizo ambazo mara nyingi humkuta mtu hana hata mmoja.

Linalopasa kutendwa

Njia iliyo mbele yetu, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kuzitoa nasaha katika chumba kimoja cha hospitali kubwa na kuzifikisha anakoishi mtu. Kila kituo cha afya cha wilaya kiwe na angalau muuguzi mmoja au afisa ustawi wa jamii aliyefunzwa mazungumzo haya, na waliopona wafunzwe, waandikwe kazi na kulipwa ujira, badala ya kuitwa siku za maadhimisho watoe ushuhuda na kurudi nyumbani mikono mitupu. Juu yao awepo mtaalamu wa mkoa anayekutana nao kila mwezi, kwa kuwa mshauri asiye na msimamizi hulemewa na kupotoka. Kwa anayeishi mbali, mazungumzo ya simu baina ya kikao na kikao yaweza kuziba pengo la nauli. Halmashauri zinapopanga bajeti, ziwatengee washauri fungu lao, maana fedha za wafadhili, ambazo kwa miaka mingi zimebeba sehemu kubwa ya huduma hizi, hazina ahadi ya kudumu.

Misikiti na makanisa yana sehemu yake iliyo kubwa, kwa kuwa mraibu wa pwani humwendea shehe au mchungaji kabla hajamwendea daktari. Dua na tiba havigombani. Shehe anayemsomea kijana kisha akamshika mkono hadi kliniki amemfanyia hisani mbili, na anayemwambia aache dozi kwa kuwa ni kileo kingine amemrudisha kwenye sindano.

Na jamaa wenyewe wasingoje serikali imalize mipango yake. Mwenye ndugu anayetumia azungumze naye saa ambazo hajalewa wala hayumo katika arosto, asimtishe wala asimpe ahadi za uongo, amwulize analoliogopa zaidi, na amsikilize mpaka mwisho. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupokea simu bila malipo kwa namba 119, na kwa wakazi wa Tanga kliniki ipo Bombo. Siku atakapokubali kwenda, asiachwe aende peke yake. Afuatane na mtu wa nyumbani, na mtu huyo aulize dirishani, mbali na dozi, mshauri anapatikana siku gani na saa ngapi, kisha ahakikishe kwamba ndugu yake amerudi siku hiyo na saa hiyo.